Safu ya Wasomaji: Filamu za Wageni Wanaokutanishwa na Majaliwa

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya filamu za mapenzi ambazo wahusika wake wakuu hawajuani kabisa mwanzoni, kisha tukio dogo lisilopangwa na yeyote likawakutanisha. Barua zimekuja nyingi, nasi tumechagua tano. Tunawatahadharisha wasomaji kwamba majibu yetu yanasimulia miisho ya baadhi ya filamu, kwa kuwa filamu za namna hii haziwezi kujadiliwa kwa haki bila kufika mwisho wake.

*

Ndugu Mhariri, nimeona kwamba katika filamu hizi watu hukutana kwenye treni, melini au stesheni, na ni nadra wakutane sokoni au kazini. Je, ni mazoea tu ya watengenezaji, au ipo sababu? Nauliza kwa kuwa husafiri mara kwa mara kwa treni ya SGR kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na ninachokiona mimi ni abiria walioinamia simu zao.
*Msomaji, Dodoma*

Sababu ipo, na inahusu ufundi wa kusimulia kabla ya kuhusu mapenzi. Mwandishi wa filamu ana muda usiozidi saa mbili wa kumfanya mtazamaji aamini kwamba watu wasiojuana wamefika mahali pa kushindwa kuachana. Sokoni mtu hununua alichofuata akaenda zake, na kazini anajulikana jina, cheo, kabila na nyumba anayolala, hivyo hawezi kusema neno lisifike kwa wengine. Safarini mambo hugeuka. Mtu huketi bega kwa bega na asiyemchagua, hakuna anayemfahamu, na wote wawili wanaijua saa ya kushuka. Saa hiyo ya kushuka ndiyo inayoisukuma hadithi, kwa sababu maneno ambayo nyumbani yangengoja mwaka mzima inabidi yasemwe kabla ya kituo kinachofuata.

Chukua "Brief Encounter", filamu ya Uingereza ya mwaka 1945 iliyoongozwa na David Lean kutokana na tamthilia fupi ya Noël Coward. Laura ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, ambaye kila Alhamisi hupanda treni kwenda mjini kununua mahitaji. Jioni moja treni ya mwendo wa kasi inapita stesheni bila kusimama, chembe inamwingia jichoni, na daktari mmoja aitwaye Alec, aliyekuwa kwenye mgahawa wa stesheni, anaitoa kwa ncha ya kitambaa chake. Majaliwa katika filamu hii hayana ukubwa zaidi ya chembe ile, na yote yanayofuata, Alhamisi baada ya Alhamisi, yanatoka kwa Laura na Alec wenyewe. Picha za stesheni zilichukuliwa usiku huko Carnforth, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Februari 1945, wakati vita ilikuwa haijaisha. Stesheni hiyo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali kiasi kwamba, ndege za adui zikija, pangekuwa na muda wa kuzima taa.

Naomba msomaji aangalie jambo moja katika filamu hiyo. Mwanzoni kabisa tunaona mwanamume na mwanamke wamekaa mezani, mwanamke mwingine mwenye maneno mengi anakuja kujiketisha nao bila kukaribishwa, treni inaitwa, mwanamume anasimama, anaweka mkono begani kwa mwenzake kwa nukta chache, anaondoka. Mtazamaji haoni lolote la ajabu. Karibu na mwisho tunaoneshwa dakika zilezile tena, na sasa tunajua kwamba Alec anahama na familia yake kwenda Johannesburg, kwamba hizo zilikuwa dakika zao za mwisho duniani pamoja, na kwamba jirani yule mchangamfu, bila kukusudia ubaya wowote, amewanyang'anya hata nafasi ya kuagana. Mkono ule begani ndio kwaheri yote waliyoipata. Kwa maoni yangu hakuna filamu ya aina hii iliyowahi kuipita hapo.

Kuhusu simu, umesema kweli, na si simu peke yake, maana SGR inakufikisha upesi mno. Mimi ningetamani sana mtengenezaji wa kwetu aitazame TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, safari ya siku kadhaa inayopita sehemu nyingi ambako mtandao haushiki. Mle ndani wanawake na wanaume wasiosafiri pamoja hulala vyumba mbalimbali, kwa hiyo wageni wawili hukutana kwenye behewa la chakula na mahali pengine ni shida. Mwandishi anayejua kazi yake angeona kwamba shirika la reli limekwisha kumwekea masharti ya hadithi nzima.

*

Mhariri, filamu hizi ni uongo mtupu. Mwandishi akikwama anaita majaliwa: mara wamegongana barabarani, mara barua imepotea, mara imeonekana. Kwa nini mnazisifu?
*Msomaji, Mombasa*

Hoja yako ni nzito, na kwa filamu nyingi ni ya haki. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: majaliwa yawakutanishe wahusika, lakini yasiwaozeshe. Bahati inayowaingiza watu wawili katika matatizo mtazamaji anaipokea bila kinyongo, kwa kuwa ndivyo maisha yanavyoanza mambo yake. Bahati inayokuja kuwatoa katika matatizo hayo ni deni ambalo mwandishi ameshindwa kulilipa.

"Serendipity" ya mwaka 2001 ni mfano mzuri wa deni hilo. Mwanzo wake unapendeza: Krismasi imekaribia, wageni wawili katika duka kubwa la New York wanashika kwa pamoja jozi moja ya glavu iliyobaki. Kisha mwanamke anaamua kuyapima majaliwa. Namba ya mwanamume inaandikwa kwenye noti ya dola 5 inayotumika palepale, na jina lake yeye linaandikwa ndani ya kitabu kitakachouzwa kwenye duka la vitabu vya mitumba. Wanaingia lifti mbili tofauti waone kama watabonyeza ghorofa moja, na wote wanabonyeza 23, ila mtoto mmoja aliyepanda lifti ya mwanamume anabonyeza vitufe vyote na kumchelewesha. Hadi hapo nimo pamoja nao. Lakini miaka inapita, kila mmoja anakaribia kufunga ndoa na mtu mwingine, na ndipo noti na kitabu vinaporudi mikononi mwa wenyewe. Kinachonikera si kwamba jambo hilo haliwezekani. Kinachonikera ni kwamba wachumba wawili wanaoachwa nao ni watu, na filamu haiwatazami, kwa sababu imeshaamua kwamba noti ya dola 5 ina haki kubwa kuliko ahadi waliyopewa.

Sasa weka pembeni yake "The Lunchbox" ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Ritesh Batra. Mumbai wapo watu wanaoitwa dabbawala, ambao hukusanya chakula cha mchana majumbani na kukifikisha maofisini kwa treni, baiskeli na miguu, kazi iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 na inayosifiwa duniani kote kwa kutokosea. Filamu inawaazima kosa moja. Chakula ambacho mke mmoja aitwaye Ila amempikia mume asiyemjali kinafika kwa Saajan, karani mjane anayekaribia kustaafu, ambaye ameigizwa na Irrfan Khan. Jioni mume anarudi na kutaja chakula ambacho Ila hakukipika, naye anaelewa mara moja kilichotokea. Kesho yake anapika tena, anaweka karatasi ndani ya chombo, anakikabidhi kwa mbebaji yuleyule. Kosa la siku ya kwanza ni la mbebaji, na la siku ya pili ni la Ila mwenyewe, kwa hiari yake.

Wanaandikiana kwa muda mrefu, wanapanga kuonana kwenye mgahawa. Asubuhi hiyo Saajan anarudi bafuni kuchukua kitu alichokisahau na kukuta humo harufu ya babu yake, kisha anatambua kwamba harufu hiyo ni yake yeye. Anakwenda mgahawani, anamwona Ila amekaa peke yake akinywa maji huku akitazama mlango, na hamfuati. Kesho yake chombo kinamfikia kikiwa kitupu. Ukiitazama sehemu hiyo, ndugu yangu wa Mombasa, uniambie kama umeona uongo.

*

Mwanangu Mhariri, sisi tuliokuwa vijana miaka ya sitini tulizijua hadithi hizi kupitia filamu za Kihindi, pale Majestic, Vuga. Watu walilia kwa "Awaara" kama waliofiwa. Je, filamu hizo nazo mnaziweka katika kundi hili? Na kuna tofauti gani baina yake na za Wazungu?
*Mzee msomaji, Unguja*

Shikamoo, mzee wangu. Tunaziweka, na bila ya hizo mazungumzo haya yangekuwa nusu, kwa kuwa watazamaji wa pwani yetu walizijua nyuso za Raj Kapoor na Nargis, waigizaji wakuu wa "Awaara", vizuri kuliko nyuso nyingi za Hollywood.

Tofauti ninayoiona ni katika kazi wanayoyapa majaliwa. Katika "Awaara" ya mwaka 1951, Raj na Rita walikuwa marafiki utotoni wakatenganishwa. Wanapokutana ukubwani yeye ni mwizi na Rita anasomea sheria, na ni picha ya msichana iliyomo nyumbani kwa Rita inayomfungua macho Raj. Jaji aliyemlea Rita ndiye baba mzazi wa Raj, yule aliyemfukuza mama yake Raj. Majaliwa hapo hayaleti kitu kipya. Yanarudisha kilichovunjwa, na yanamrudishia baba hesabu yake mbele ya mahakama. Filamu nyingi za Magharibi hujishughulisha na watu wawili tu, ilhali ile ya Kihindi inaita ukoo mzima.

Mwaka 1995 unaonesha jambo hilo waziwazi kuliko maelezo yangu. Katika mwaka huo mmoja zilitoka filamu mbili, na katika zote mbili kijana na msichana wasiojuana wanakutana kwenye treni barani Ulaya. Ya kwanza ni "Before Sunrise" ya Richard Linklater. Céline, Mfaransa anayerudi Paris kutoka Budapest, anahama siti kwa sababu mke na mume walio karibu naye wanagombana kwa sauti, na hivyo anaketi karibu na Jesse, Mmarekani atakayeshuka Vienna ili kesho yake apande ndege. Treni inaposimama Vienna, Jesse anamwomba washuke wote, kwa hoja ya ajabu: anamtaka avute picha kwamba miaka mingi imepita, ameolewa, ndoa imepoa, naye anajiuliza wale wanaume aliowahi kukutana nao wangekuwaje, basi ashuke leo amwangalie mmoja wao, asije akajuta bure. Anashuka. Wanatembea mjini usiku kucha, na hakuna mzazi, shangazi wala jirani anayeulizwa lolote.

Ya pili ni "Dilwale Dulhania Le Jayenge" ya Aditya Chopra, ambayo katika ukumbi wa Maratha Mandir jijini Mumbai ilifikisha wiki 1,000 mfululizo mwezi Desemba 2014. Raj na Simran, vijana wa London, wanakutana kwenye safari ya treni, wanaachwa na treni pamoja, wanapendana. Mtazamaji wa Magharibi angedhani hadithi imekwisha, kumbe ni sasa inapoanza. Simran amekwisha kuahidiwa kwa mwana wa rafiki ya baba yake huko Punjab. Raj anamfuata, na mama yake Simran anapowapa vito vyake na kuwasihi watoroke, Raj anakataa, akisema atamchukua siku ambayo baba mwenyewe atamkabidhi. Na baba ndiye anayeuachilia mkono wa binti yake pale stesheni, treni imeshaanza kwenda.

Wapo vijana wanaoniambia kwamba Raj ni mwoga, na wapo mabinti wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini neno la mwisho liwe la baba wakati moyo ni wa Simran. Mimi naielewa filamu hii kwa namna nyingine. Kukutana kwenye treni hakumgharimu mtu chochote, lakini kuingia kwenye nyumba ya watu kwa mlango wa mbele, ukala nao, ukafanya kazi zao, ukatukanwa na hata kupigwa, ni gharama ambayo kijana ameichagua mwenyewe. Nadhani ndiyo maana filamu hii ilipokelewa kwetu bila kuhitaji mkalimani wa mila.

*

Dada Mhariri, mwezi uliopita nilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na nikakaa siti moja na kijana ambaye tulizungumza njia nzima. Aliniambia ni mwalimu wa sekondari Makambako, na hapo ndipo aliposhuka. Niliona haya kumwomba namba, naye hakuniomba. Rafiki zangu wanasema kama ni wangu atarudi tu, kama kwenye filamu. Je, nisubiri?
*Msichana msomaji, Mbeya*

Usisubiri, mdogo wangu. Nitakupa sababu yangu kutoka kwenye filamu hizohizo ambazo rafiki zako wanazitegemea.

"Before Sunrise" ina asili ya kweli. Mwaka 1989 Linklater alikutana na mwanamke mmoja kwenye duka la vitu vya kuchezea watoto mjini Philadelphia, wakazungumza na kutembea usiku mzima. Baadaye walipigiana simu kwa muda, kisha mawasiliano yakafifia, jinsi yanavyofifia ya watu wengi walio mbalimbali. Alitengeneza filamu, na kwa miaka mingi alikuwa na tumaini kwamba mwanamke yule angetokea siku moja kwenye maonesho yake. Hakutokea. Alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 1994, kabla picha ya kwanza ya filamu haijachukuliwa, na Linklater alikuja kuambiwa miaka mingi baadaye. "Before Midnight", filamu ya tatu katika mfululizo huo, iliyotoka mwaka 2013, imetabarukiwa kwake.

Hata ndani ya hadithi yenyewe Linklater hakuwahurumia wahusika wake. Jesse na Céline wanaagana stesheni bila kupeana namba wala anwani, wakiahidiana kuonana palepale baada ya miezi sita. Katika "Before Sunset" ya mwaka 2004 tunajua kilichotokea: Jesse alifika, Céline hakufika, kwa kuwa siku hiyohiyo bibi yake alikuwa anazikwa. Kutoandikiana namba, ambako usiku ule kulionekana kuzuri, kuliwagharimu miaka 9. Ukirudi nyuma hadi "An Affair to Remember" ya mwaka 1957, utakuta hali hiyohiyo. Wawili waliopendana melini wanaahidiana kukutana juu ya jengo la Empire State, mwanamke anagongwa na gari akiwa njiani, na kinachowatenga baada ya hapo si gari, bali ni yeye kuamua kunyamaza asije akaonewa huruma. Watu huikumbuka filamu hiyo kwa ahadi ya juu ya jengo, lakini sehemu inayoniumiza mimi ni miezi ile ya kimya.

Basi kwako wewe, majaliwa yamekwisha kufanya sehemu yake kwa kukupa siti ile. Unajua kazi yake, unajua mji wake, na bila shaka unajua jina lake. Andika barua fupi uipeleke shuleni kwake, umkumbushe safari, uweke namba yako, uishie hapo. Usiweke jina wala picha yake mitandaoni ukiwaomba watu wamtafute, kwa sababu hujui kama ana mke au mchumba, na mwalimu katika mji mdogo huharibikiwa heshima haraka. Usimwendee bila taarifa. Barua inamwachia nafasi ya kujibu au kutojibu bila fedheha kwa yeyote kati yenu. Akijibu, onaneni mchana, mahali penye watu, na ndugu yako mmoja ajue ulipo.

*

Mhariri, mume wangu anasema filamu za mapenzi zinamletea usingizi. Nianze na ipi ili asikimbie?
*Msomaji, Nairobi*

Anza na "It Happened One Night" ya Frank Capra, ya mwaka 1934. Ni ya zamani sana na haina rangi, lakini ina dakika 105 tu na inakimbia. Ndiyo filamu ya kwanza kupata Oscar zote 5 kubwa, yaani za filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na muswada. Binti wa tajiri ametoroka kwao, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi anakutana naye kwenye basi linalotoka Miami kwenda New York, kila mmoja anamhitaji mwenzake na hakuna anayekubali kusema hivyo. Wanapolazimika kulala chumba kimoja, wanatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda viwili na kuliita kuta za Yeriko, na heshima ile ya blanketi inasema mengi juu ya watu hawa kuliko busu lolote. Mwambie mumeo asubiri sehemu ambayo mwanamume anajigamba kwamba anajua kuomba lifti barabarani. Magari yanapita moja baada ya jingine hadi msichana anapoinua sketi yake kidogo, na gari linalofuata linafunga breki.

Akiipenda, wiki inayofuata mwoneshe "The Lunchbox". Lakini hakikisheni mmekula kwanza, kwa sababu Ila anapika kuanzia mwanzo wa filamu, na kamera inasogea karibu na sufuria.